Mikopo ya simu, namba ya siri na sheria zinazokuja: maswali ambayo walaji huuliza mara kwa mara

Maswali haya sikuyatunga mezani. Mengi nimeulizwa kwenye vikao vya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mengine nimepigiwa simu usiku na mtu anayenong'ona ili mumewe asisikie. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa sababu huko fedha za simu zimekwenda mbali na mapema, na sheria inakimbia nyuma yake ikijaribu kuifikia. Panapohitajika nimetaja nchi nyingine zilizokwisha kujaribu jambo ambalo sisi tunalizungumza tu.

Mlaji ni nani? Mimi sili, mimi nanunua bando.

Sheria za Tanzania zinapenda neno "mlaji", Wakenya wengi husema "mtumiaji". Ni mtu yule yule: anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake. Ukinunua bando, ukituma pesa, ukikopa kwa simu, ukiagiza gauni mtandaoni, wewe ni mlaji.

Kuna jambo jipya hapa ambalo sheria za zamani hazikulifikiria. Unaweza kuwa mlaji hata kama hujatoa senti. Programu uliyoipakua bure, kisha ikasoma namba zote zilizo kwenye simu yako, umeilipa. Umeilipa kwa taarifa zako na za watu wengine ambao hawakuulizwa.

Haki za mlaji zilianzia wapi?

Siku ya Haki za Walaji Duniani huadhimishwa tarehe 15 Machi kwa sababu siku hiyo mwaka 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilieleza Bunge lake haki nne: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wake mwaka 1985, ukaufanyia marekebisho mwaka 2015 na kuingiza biashara ya mtandaoni. Kenya iliziweka haki hizo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46, ikatunga sheria kamili ya kumlinda mtumiaji mwaka 2012. Tanzania haina sheria moja inayojitegemea kwa ajili ya mlaji. Ulinzi wake mkubwa umo ndani ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na vipande vingine vimetawanyika kwenye sheria za benki, mawasiliano, miamala ya kielektroniki na taarifa binafsi.

Kutawanyika huko si jambo dogo. Nitalirudia kwenye swali la mahali pa kulalamikia.

Sheria za zamani zina kasoro gani? Wizi ni wizi tu.

Fikiria duka la mtaani. Ukinunua kilo ya sukari, mizani unaiona. Bei unaijua kwa sababu jirani amenunua jana. Muuzaji unamjua, na ukikuta sukari imechanganywa na mchanga unarudi, unapaza sauti, wateja wengine wanasikia, anaona aibu. Nusu ya ulinzi wa mlaji ilikuwa kwenye macho ya watu. Sheria ilikuja kusaidia pale macho yaliposhindwa, kwa mfano kupima mizani yenyewe au kukagua dawa.

Simu imeondoa macho hayo. Bei unayoonyeshwa wewe si lazima iwe ndiyo anayoonyeshwa jirani yako. Muuzaji humjui, pengine hata hayupo nchini. Wewe humwoni, ila yeye anakuona vizuri sana: anajua unalala saa ngapi, mshahara unaingia tarehe ngapi, mara ngapi umeishiwa mwezi huu. Kwenye duka la zamani tatizo lilikuwa mnunuzi kujua kidogo kuliko muuzaji kuhusu bidhaa. Sasa mnunuzi anajua kidogo kuliko muuzaji hata kuhusu nafsi yake mwenyewe.

Ndiyo maana naamini kumwelimisha mlaji peke yake hakutoshi. Kila mara mtu akitapeliwa, tunaambiwa "wananchi wawe makini". Nimeyasema maneno hayo mwenyewe, nikayajutia. Mama mwenye mtoto mgonjwa, saa tano usiku, akiwa na simu mkononi na kitufe kinachosema "Pata mkopo ndani ya dakika 2", hakosi umakini. Anakosa pesa. Sera nzuri inatakiwa imkute tayari kitufe hicho kimekaguliwa, kama mizani ya sukari.

Kwa nini unazungumzia mikopo ya simu zaidi ya mambo mengine?

Kwa sababu hapo ndipo machozi yalipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania mwaka uliofuata. Novemba 2012 Kenya ikaja M-Shwari, mkopo unaoombwa na kutolewa kwenye simu bila kumwona afisa wa benki. Kwa wengi ulikuwa ukombozi wa kweli, sitaki kulisahau hilo: mtu ambaye benki haikuwahi kumfungulia mlango alipata shilingi elfu chache za kununulia nyanya za kuuza. Lakini nyuma ya zile huduma za benki na makampuni ya simu yakaingia makundi ya wakopeshaji wasio na leseni, ofisi wala jina la kudumu. Tanzania watu wakawapa jina linalowastahili: mikopo ya kausha damu.

Mkopeshaji alipataje namba ya mama mkwe wangu?

Ulimpa wewe, bila kujua. Programu ilipoingia kwenye simu iliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi, pengine na picha. Ukibonyeza "Ruhusu", inanakili kila kitu na kukipeleka kwenye kompyuta zake. Siku ukichelewa kulipa, wanaanza na namba uliyoipigia mara nyingi zaidi.

Mimi mwenyewe niliwahi kupokea ujumbe saa kumi na mbili asubuhi ukiniambia kwamba fulani, jirani yangu, ni mwizi na tapeli, na kwamba mimi ni mdhamini wake. Sikuwahi kumdhamini. Ujumbe huo huo ulikuwa umekwenda kwa mchungaji wake, fundi wake wa cherehani na mwalimu wa mtoto wake. Deni lilikuwa chini ya bei ya gunia la mkaa. Jirani yangu alilipa siku ile ile kwa kukopa kwingine, lakini hakuonekana kanisani kwa miezi. Hasara ya namna hiyo haimo kwenye hesabu yoyote ya riba.

Kisheria, hilo ni kosa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zinakataza waziwazi vitisho, matusi, kumwaibisha mdaiwa hadharani na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Zingatia jambo moja: aliyeonewa si mkopaji peke yake. Mchungaji, fundi na mwalimu nao taarifa zao zilichukuliwa bila idhini. Kila mmoja wao ana haki ya kulalamika kwa jina lake.

Mkopo wa laki moja unanigharimu kiasi gani hasa?

Chukua kalamu. Umeomba 100,000. Imeingia 80,000, kwa sababu "ada ya huduma" imekatwa mbele. Baada ya siku 7 unatakiwa kulipa 100,000. Mwenye programu atakuambia gharama ni asilimia 20. Si kweli. Ulichotumia ni 80,000, na umelipia 20,000 juu yake, yaani asilimia 25, kwa wiki moja. Zidisha kwa wiki 52 uone: asilimia 1,300 kwa mwaka, na hapo hatujahesabu riba juu ya riba.

Sasa linganisha. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana za watu. Kwa 80,000, hiyo ni 2,800 kwa mwezi mzima.

Mianya iko wapi? Iko kwenye majina. Riba ikiwekewa ukomo, huzaliwa ada ya huduma, ada ya mfumo, ada ya uhakiki, bima ambayo hujawahi kuona karatasi yake. Kwa hiyo sera ya kesho haina budi kuacha kubishana kuhusu neno "riba" na kuhesabu kila shilingi inayotoka mfukoni mwa mkopaji. India ilifanya hivyo mwaka 2022: Benki Kuu yake iliagiza mkopaji apewe karatasi moja ya mambo muhimu yenye gharama yote kwa mwaka, fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yake, na apewe muda wa kubadili mawazo akarudisha mkopo bila adhabu. Kenya ilianza mapema kwa njia yake. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliagiza huduma za fedha za simu zionyeshe gharama kwenye skrini kabla mteja hajakamilisha muamala. Leo tunaona jambo hilo la kawaida. Kabla ya hapo, wengi walikuwa wanajua makato baada ya kukatwa.

Nilibonyeza "Nakubali". Nimeshajifunga?

Si kwa kila kitu. Hakuna mkataba unaoweza kukuondolea haki uliyopewa na sheria, na ruhusa ya kutumia taarifa zako inatakiwa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Swali gumu ni hilo la kuelewa.

"Vigezo na masharti kuzingatiwa." Sote tumelisikia likisomwa redioni kwa kasi ambayo hata msomaji wa Kurani aliyebobea hawezi kuifuata. Kwenye programu nyingi vigezo hivyo ni kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria, vimewekwa mbele ya mtu aliyeishia darasa la saba na anayesoma Kiswahili vizuri kabisa. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Itakuwaje basi hakimu aongee Kiswahili na mkataba wa mkopo wa elfu hamsini uongee Kiingereza? Kwangu mimi hii ndiyo sera rahisi kuliko zote na yenye faida kubwa: mkataba usioandikwa kwa lugha ya mteja, kwa maneno yanayoingia kwenye skrini moja ya simu, usimbane mteja. Haihitaji mtambo wala mkopo wa nje. Inahitaji mtafsiri mzuri na msimamizi asiyetishika.

Umoja wa Ulaya umeongeza jambo jingine. Sheria yake ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inayakataza majukwaa kusanifu kurasa kwa hila: kitufe cha "Ndiyo" kikubwa cha kijani na "Hapana" iliyofichwa kwa maandishi ya kijivu, au huduma unayojiunga nayo kwa kubonyeza mara moja lakini kujitoa ni safari. Sisi tuna ya kwetu. Muulize aliyewahi kujikuta anakatwa salio kila siku kwa "dondoo za mapenzi" ambazo hakuziomba.

Serikali zimefanya nini mpaka sasa?

Kenya iliwapiga marufuku wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo Aprili 2020. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, kanuni zikatoka Machi 2022, na wakopeshaji wakapewa hadi Septemba mwaka huo kuomba leseni. Waliomba 288. Waliopewa kwa awamu ya kwanza ni 10. Idadi imepanda tangu wakati huo, na Desemba 2024 sheria ilipanuliwa tena iwabane na wengine wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwemo wanaouza bidhaa kwa malipo ya baadaye. Ofisi ya Kamishna wa Data nayo imeonyesha meno: mwaka 2023 ilimtoza faini ya shilingi 2,975,000 mwenye programu za KeCredit na Faircash kwa kutumia namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho, na kampuni ya Whitepath shilingi milioni 5.

Milioni 5 ndiyo dari. Sheria ya Kenya inasema faini ya kiutawala isizidi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Rudia kusoma maneno hayo: kilicho kidogo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni gharama ya kuendesha biashara, kama kodi ya pango. Ulaya, kwenye kanuni yao ya data, wamechukua kilicho kikubwa. Neno moja tu kwenye sheria, na ndilo linaloamua kama mkosaji ataogopa.

Tanzania, Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Mbona basi zinarudi kwa majina mapya?

Kwa sababu kubadilisha jina na nembo ni kazi ya mchana mmoja, na kuitangaza orodha ni kazi ya miezi. Google ilichukua hatua mwaka 2023: programu za mikopo binafsi zikakatazwa kusoma orodha ya majina na picha, na kwa Kenya zikatakiwa zionyeshe leseni. Ilisaidia. Lakini faili la programu linaweza kutumwa kwa kiungo kwenye WhatsApp, likaingia kwenye simu bila kupita kwenye duka lolote.

Kuna mlango ambao hakuna mkopeshaji anayeweza kuukwepa, nao hauzungumzwi vya kutosha. Pesa ya mkopo lazima iingie kwenye simu yako, na marejesho lazima yatoke. Vyote viwili vinapita kwenye mfumo wa kampuni ya simu au benki, kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la mtu au kampuni. Programu inaweza kuwa na majina 10. Namba ya malipo ina mwenyewe. Sera ikisema kwamba hakuna namba ya biashara itakayotumika kukopesha bila leseni ya Benki Kuu, na kwamba kampuni ya simu ikiiruhusu itawajibika pamoja na mkopeshaji, mchezo wa kujificha unakuwa mgumu sana. Makampuni ya simu yatasema hayawezi kukagua kila mteja wa biashara. Lakini yanapata kamisheni kwenye kila muamala huo, na anayekula ada ya mlango hawezi kusema hajui nani ameingia.

Si bora serikali izime kila kitu?

Ngoja nikukumbushe tarehe 16 Juni 2016. Siku hiyo Tanzania ilizima simu bandia kwenye mitandao yote. Lengo lilikuwa jema: simu feki ni hatari kwa afya, hazina ubora na zinawasaidia wahalifu. Watu waliambiwa mapema wabonyeze *#06#, wachukue namba ya utambulisho wa simu, waitume kwenda 15090 wajue kama ni halali. Kenya ilikuwa imefanya kama hivyo mwaka 2012.

Nani aliumia? Aliyenunua. Alilipa pesa yake dukani, akiamini kilichoandikwa kwenye boksi, kisha kifaa kikafa mkononi mwake. Waliomuuzia walibaki na pesa. Mlinzi alikuja kumlinda mlaji akamwachia mlaji bili.

Ndivyo itakavyokuwa tukizima mikopo yote ya simu. Mahitaji hayazimwi. Mama atarudi kwa mkopeshaji wa mtaani anayeshika kadi ya benki na namba ya siri, au anayebeba televisheni. Nataka mikopo ibaki, ila iwe na mizani iliyokaguliwa.

Nimetumiwa "Ile hela tuma kwenye namba hii", nikatuma. Nani anilipe?

Kwa sasa, Tanzania na Kenya, jibu la kawaida ni kwamba uliweka namba ya siri mwenyewe, kwa hiyo hasara ni yako. Unaweza kubahatika kama utatoa taarifa kwa mtandao wako haraka kabla tapeli hajatoa pesa kwa wakala. Hapo kiasi kinaweza kuzuiwa. Dakika ndizo zinazoamua. Ujumbe wenyewe, ukiwa Tanzania, upeleke 15040. Ukiwa Kenya kwenye Safaricom, 333.

Lakini sioni kwa nini hali iwe hivi milele. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu aliyehadaiwa akatuma pesa kutoka benki kwenda benki anarudishiwa, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea, isipokuwa kama mteja alizembea kupita kiasi au yeye mwenyewe ni mshirika wa wizi. Angalia hiyo nusu ya upande wa kupokea. Benki iliyomfungulia tapeli akaunti inalipa. Ghafla kila mmoja ana sababu ya kujua wateja wake ni akina nani.

Kwetu Tanzania laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kila namba iliyopokea hela ya wizi ina jina. Hata hivyo laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine zinauzwa mitaani. Kwanza piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Kisha tudai kwamba mtandao uliosajili laini ovyo ubebe sehemu ya hasara. Haitakuwa rahisi, maana wapo watakaodai wametapeliwa huku hawajatapeliwa. Waingereza waliliona hilo na bado wakaanza.

Kompyuta imeninyima mkopo bila sababu. Naweza kuuliza kwa nini?

Ndiyo. Sheria za data za Kenya na Tanzania zote zina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, kinachokupa haki ya kutaka binadamu aliangalie tena jambo lako. Wachache wanalijua na sijakutana na programu inayolitangaza. Umoja wa Ulaya umeweka mifumo ya akili bandia inayopima nani anakopesheka kwenye kundi la hatari kubwa, lenye masharti ya ukaguzi kabla ya kuingia sokoni.

Kinachonitia wasiwasi ni mtu anayeadhibiwa kwa mambo yasiyo na uhusiano na uaminifu wake: kuhamahama laini kwa sababu mtandao haushiki kijijini kwao, au kutoweka hewani miezi miwili ya kilimo.

Nimeagiza viatu Instagram vikaja tofauti na picha.

Kenya, sheria ya 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni akupe taarifa muhimu kabla ya kukubali na nafasi ya kurekebisha makosa. Asipofanya hivyo unaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 7 tangu upokee nakala yake. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu ya kumlinda mlaji. Lakini muuzaji asiye na jina wala duka humpeleki popote. Lipa ukishaona mzigo. Akikataa, nunua kwingine.

Na kama kampuni iko nje ya nchi?

Hapa ndipo sheria za nchi moja moja zinapochoka. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti mwaka huo. Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe Mei 2025, karibu miaka miwili baadaye. Nywila iliyoibwa unaibadilisha, jicho hulibadilishi.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya biashara ya kidijitali ya soko huru la bara Februari 2024. Humo mna ahadi kuhusu mlaji na taarifa binafsi. Kipimo changu ni kidogo: siku ambayo mtu wa Kigoma aliyeibiwa kwa namba ya Bujumbura ataandika lalamiko moja, mahali pamoja, kwa Kiswahili, na likafanyiwa kazi pande zote mbili.

Nilalamike wapi?

Anza na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na udai namba ya lalamiko. Hatua hii watu huiruka, kisha msimamizi anawarudisha nyuma. Wasipokusaidia: Tanzania, kwa mambo ya fedha na mikopo nenda Benki Kuu (BoT), wana dawati na mfumo wa Sema na BoT; kwa bando, laini na ujumbe, nenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano; kwa taarifa binafsi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; kwa bidhaa bandia na matangazo ya uongo, Tume ya Ushindani. Kenya, milango ni Benki Kuu, Mamlaka ya Mawasiliano, Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo inatakiwa ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90, na Mamlaka ya Ushindani. Matusi na vitisho, popote ulipo, peleka pia polisi.

Ndiyo, ni milango mingi. Tukio la jirani yangu peke yake lingegusa mitatu. Ndiyo maana nasema Tanzania inahitaji sheria moja ya mlaji na mlango mmoja wa kupokelea, ofisi zenyewe zigawane kazi huko ndani.

Usifute kitu. Piga picha skrini ya ujumbe, namba, tarehe na saa, jina la programu na namba ya muamala.

Nikiifuta programu kwenye simu, deni na taarifa zangu vinaondoka?

Haviondoki. Deni linabaki, na ukilipa, lipa kwa namba iliyo kwenye mkataba, si kwa namba binafsi ya mtu anayekupigia akikutukana. Majina na namba walizokwisha kunakili nazo zinabaki kwenye kompyuta zao. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ulizowapa, ndipo uifute. Ukishamaliza kulipa, waandikie ukiwataka wafute taarifa zako ambazo hawana sababu ya kisheria ya kuendelea kuwa nazo, weka tarehe, na nakala ya barua hiyo uitunze pamoja na risiti ya malipo ya mwisho.